Dania kwenye ndoo, rozimeri kwenye debe: kwa anayeanza kupanda viungo Nairobi

Kabla hujanunua mbegu, simama nyumbani kwako saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, uangalie jua linagusa wapi. Fanya hivyo siku mbili tatu. Wengi wanaoniuliza kwa nini miche yao inarefuka kama uzi halafu inalala, huwa wameanza na ndoo na samadi, jua wakaliacha.

Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo jua letu la mchana huhama upande. Kuanzia Aprili hadi Septemba linaegemea kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Februari linaegemea kusini. Nilipoishi Umoja, ghorofa ya nne, roshani yangu ilitazama kusini. Mwezi wa Januari mmea wangu wa rehani (basil) ulikuwa na majani mapana na harufu yake ilijaa hadi sebuleni. Kufika Juni, roshani ile ile haikupata jua kabisa. Kisha ikaja Julai na mawingu na baridi yake, majani yakatoka madoa meusi, mmea ukafa. Nilidhani una njaa nikauongezea samadi, kumbe ulikosa jua, na rehani haistahimili baridi. Siku hizi mwezi wa sita unapoingia, rehani naihamishia dirisha linalopata jua la asubuhi. Ukiwa na dirisha la mashariki umebarikiwa, maana hilo hupata jua mwaka mzima.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo mimea mingi hufia. Usimwagilie kwa saa wala kwa siku. Chomeka kidole kwenye udongo hadi fundo la pili. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Rozimeri hasa haitaki miguu yake ikae ndani ya maji. Ikianza kukauka huku udongo umelowa, mizizi inaoza, na kuiongezea maji ni kuimaliza. Kwa wanaoishi mitaa yenye mgao wa maji, maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Ya sabuni ya nguo na yenye chumvi usiyatumie.

Vyombo si shida. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, debe la mafuta ya kupikia, mtungi wa lita 20 uliokatwa katikati, vyote vinafaa. Pasha msumari motoni utoboe matundu chini, saba au nane, si mawili. Udongo nachanganya debe mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi na moja ya mchanga. Samadi iwe imeiva: ukiishika haina joto, ukiinusa haina ukali wa zizi. Ukiwa upande wa Embakasi, udongo mweusi wa pale hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hivyo nunua udongo mwekundu kwa wauza miche wa kando ya barabara. Kama una kiwanja chenye udongo huo mweusi, inua tuta na uuchanganye na samadi nyingi.

Sasa dania, kwa sababu kila mtu huanza nayo. Ile punje ya mviringo unayoiita mbegu ina mbegu mbili ndani. Isugue polepole kwa chupa mpaka igawanyike, usiiponde, kisha iloweke usiku mmoja. Panda pale pale itakapokulia, maana ina mzizi mmoja mrefu unaochukia kuhamishwa. Itachukua wiki moja hadi mbili kuchipuka, wakati mwingine zaidi, kwa hivyo usikate tamaa siku ya tano ukaanza kufukua. Baada ya wiki sita hivi unaanza kuvuna. Jua kali likiizidi hukimbilia maua na majani huwa membamba na machungu. Ndiyo sababu napanda kidogo kila baada ya wiki tatu, badala ya ndoo nzima mara moja.

Nanaa usinunue mche. Kwenye fungu la sokoni chagua vijiti vitatu vyenye afya, kata chini ya kifundo, pale majani yanapotokea kwenye kijiti, ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji dirishani. Kwa wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Ipe chombo chake peke yake, na hata bustanini izikie ndani ya ndoo, la sivyo itatambaa ikamshinda kila jirani. Ukiona vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, chini ya majani, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni, asubuhi suuza.

Kuvuna nako kuna njia yake. Rehani na nanaa kata juu ya jozi ya majani, na pale ulipokata yatatoka matawi mawili. Usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa siku moja. Jikoni, mashina ya dania yaingie mapema pamoja na kitunguu na nyanya, majani yaje ukishaepua sufuria. Rozimeri hupenda kupikwa tangu mwanzo, na viazi au nyama ya mbuzi. Nanaa usiichemshe na chai. Tia majani kikombeni, mimina chai juu yake, funika kwa kisahani dakika tano. Ukifunua, mvuke wa kwanza utakuambia kama mmea wako umepata jua la kutosha.