Muulize Fundi: Pawa saplai mbili, moja ikilia zote zinakufa

SWALI: Habari fundi. Nina pawa saplai mbili (vile viboksi vinavyogeuza umeme wa ukutani) za volti 24, kila moja ampea 10, nimeziunga sambamba zinalisha mtambo mmoja unaokula kama ampea 13 muda wote. Juzi namba 2 ikawasha taa nyekundu, haikupita hata sekunde namba 1 nayo ikazima, mtambo kimya. Nikazima nikawasha zikarudi fresh, baada ya siku mbili yaleyale. Nimeshaweka namba 2 mpya kabisa bado inasumbua. Si nilisikia ukiweka mbili, moja ikifa nyingine inabeba?

JIBU: Pole sana. Aliyekuambia hivyo hakukudanganya, ila hakumalizia. Inabeba kama mzigo wote unatosha kwenye moja, sasa wewe una ampea 13 halafu unategemea ya ampea 10 ibaki peke yake, lazima ijilinde izime. Kwa hiyo namba 1 haina ugonjwa wowote, iache. Ukitaka moja ife na mtambo uendelee, ongeza ya tatu.

Tuje namba 2. Umebadilisha na mpya inafanya vilevile, hapo ujue shida haimo ndani ya boksi. Mimi ningeanza na volti. Zikiwa sambamba, yenye volti ya juu ndiyo inayobebeshwa: moja ikiwa 24.3 na nyingine 24.0, ile ya 24.3 inabeba mpaka ifike kikomo chake, ampea 10, na mwenzake anaokota 3 zilizobaki. Inafanya kazi mwisho wa uwezo saa zote, inachemka, sensa ya joto inaikata. Ikipoa inawaka vizuri, na ndiyo maana ukiriseti unaona imepona!

Chomoa mzigo, tenganisha waya za kutoka, pima kila moja kivyake kwa mita, zungusha kile kiskrubu cha volti mpaka tofauti iwe chini ya volti 0.05. Waya kutoka kila moja ziwe na urefu na unene sawa. Kama zina swichi ya kuchagua sambamba iweke, hapo volti inashuka kidogo mzigo ukipanda, basi zinagawana zenyewe. Na kaza terminali jamani, mimi niliwahi kubadilisha pawa saplai nzima kumbe skrubu imelegea, plastiki pembeni yake imeshageuka kahawia na nilikuwa naiangalia tu.

Kuhusu alamu yenyewe, usiriseti kabla hujaangalia. Taa ya onyo maana yake bado inatoa umeme ila feni au joto haliko sawa, ikishakata ni jambo lingine. Andika ipi ilitangulia, ya pili mara nyingi imevutwa tu na mwenzake. Ile relei ya "DC OK", yaani swichi ndogo ndani ya pawa saplai inayotoa ishara kuwa volti ya kutoka iko sawa, kila moja ipe taa yake, ukiziunga zote kwenye taa moja utajua kuna shida ila hujui wapi. Halafu weka dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye pato la kila moja. Bila dayodi, ikipiga shoti ndani inawavuta wote chini, na kuna hili watu hawalijui: ikifa kimyakimya, relei yake inaweza kuona volti ya jirani ikasema niko poa. Dayodi ya kawaida inakula kama volti 0.7, ya Schottky (aina inayopoteza volti kidogo) karibu 0.5, zingatia hilo unapoweka volti.

Usifungue boksi. Kwenye umeme wa 230 kapasita za ndani zinakaa na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa.

SWALI: Na nikiziunga mfululizo nipate 48?

JIBU: Kama kitabu chake kinaruhusu, sawa, ila ampea zinabaki 10, hazijumlishwi. Weka dayodi kinyume kati ya chanya na hasi ya pato la kila moja, maana moja ikizima nyingine inaisukumia umeme kwa nyuma.