Kwa nini mibuni mipya haishikwi na kutu?

SWALI: Nina mibuni ya zamani aina ya N39, na mingine ya miche chotara niliyochukua TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, Lyamungu. Shamba ni moja na sipulizi dawa. Ya zamani inapukutisha majani kwa ugonjwa wa kutu, buni zake zinaoza kwa ugonjwa wa chulebuni. Mipya imesimama tu. Je, miche hiyo hutiwa dawa? Na naweza kuotesha mbegu zake? – Mkulima, Machame

JIBU: Haikutiwa dawa, ndugu yangu. Kinga hiyo imezaliwa nayo.

Kutu huingilia mgongoni mwa jani. Kijimbegu cha kuvu kikipata unyevu huota, kikapenya kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, kisha kuvu huanza kunyonya seli. Katika N39 hunyonya bila kuzuiwa, na baada ya wiki chache unaona unga wa rangi ya chungwa. Chotara huitambua kuvu mapema. Seli zilizoguswa hujiua zenyewe, na za jirani hukaza kuta na kujijaza kemikali za kujihami. Kwa kuwa kutu haiishi ila kwa kunyonya seli hai, hukosa chakula ikafa. Chunguza majani ya mibuni mipya: huenda ukaona vidoa hafifu vya manjano visivyo na unga. Hapo ndipo vita vilipoishia.

Chulebuni, nayo ni kuvu, hutoboa ganda la buni moja kwa moja. Buni yenye kinga hujenga tabaka gumu chini ya kidonda, likabaki kovu juu juu.

Kinga nyingi ya kutu iliyomo kwenye kahawa ya arabika duniani chimbuko lake ni mbuni mmoja uliogunduliwa kisiwani Timor mwaka 1927, arabika iliyochanganyika yenyewe na robusta, aina nyingine ya kahawa. Lakini kuvu nayo hubadilika. Nchini India, baadhi ya aina zenye damu hiyo zimeshaanza kushikwa na kutu.

Kuhusu mbegu, nakusihi usioteshe. Watoto wa chotara hawafanani na mama. Wengine watakosa kinga, nawe utagundua baada ya miaka ya kupalilia. Chukua miche ya vikonyo, yaani iliyooteshwa kwa vipande vya chotara wenyewe, au omba mafundi wakubebeshee (wakuungie) aina mpya kwenye mashina yako ya N39, maana mizizi yake bado ina nguvu. Na siku ukiona unga wa chungwa kwenye mibuni mipya, peleka majani hayo Lyamungu mapema.