Michubuko ya rangi kwenye boneti: kwa pwani yetu, chumvi kwanza, rangi baadaye

Mkuu, nimekuelewa hivi: Toyota ya rangi ya fedha, inalala nje pale Shangani, boneti ina michubuko kumi na kitu ya kokoto, miwili imeshatoa doa la kahawia, na fundi amekwambia boneti nzima ipigwe rangi upya. Usikubali haraka. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri kwa joto la zaidi ya nyuzi 120, na gereji zetu za Mtwara na Lindi hazina tanuri. Ukishaikwangua yote, ugumu ule haurudi. Mchubuko ulio mdogo kuliko punje ya mchele unazibwa peke yake, kwa mkono, na boneti inabaki na rangi yake ya asili. Boneti nzima ipigwe pale tu ambapo klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, imeanza kubambuka kwa mapande, au kutu imeshatambaa chini ya rangi kiasi kwamba ukisukuma ukingo wa mchubuko kwa ukucha, rangi inainuka.

Kabla ya kununua chochote, angalia mchubuko kwa karibu. Washa kamera ya simu, kuza, gari likiwa kivulini. Utaona duara ndani ya duara, kama ukikata kitunguu: ukingo wa nje ni klia, ndani yake rangi yenyewe, kisha praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi inayoshika chuma, na katikati kabisa, kama kokoto lilipiga kwa nguvu, chuma. Unene wa tabaka zote hizo ni kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni mikroni 40 hivi, nyembamba kuliko unywele wako. Ikiwa katikati bado ni kijivu, una kazi ndogo: kusafisha, rangi, klia. Ikiwa katikati kunang'aa au pana kahawia, chuma kimefikiwa, na hapo hakuna hatua ya kuruka.

Sasa chumvi, maana wengi wanakosea hapa halafu wanalaumu rangi. Gari linalolala karibu na bahari, iwe Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, linapakwa chumvi na upepo kila siku. Ile chumvi inaingia ndani ya mchubuko, na kwa kuwa inanyonya unyevu wa hewa, chuma kinabaki na maji hata siku isiyo na tone la mvua. Ukipaka rangi juu yake umeifungia ndani. Rangi haizuii kila kitu kama kioo, mvuke wa maji hupita kidogo kidogo, chumvi iliyo chini inauvuta, na baada ya miezi michache unaona lengelenge pale pale ulipoziba. Ukilitoboa, ndani kuna maji na kutu. Rangi haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo osha boneti kwa sabuni ya maji, halafu kila mchubuko usugue kwa mswaki wa zamani kama sekunde 20. Maji ya kusuuzia ndiyo muhimu: visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, ukisuuza nayo umerudi ulikotoka. Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua uliyokinga au ya kunywa. Lita mbili zinatosha boneti nzima. Ikauke kabisa, kisha futa kwa kitambaa safi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, au white spirit. Petroli usitumie, inaacha mafuta. Thina nayo iweke mbali na hatua hii, kwa sababu kama boneti iliwahi kurudiwa rangi gereji, thina inaweza kuilainisha. Na kama unapenda kupaka vile vya kung'arisha dashibodi na matairi, fahamu vina silikoni, na tone la rangi likikuta silikoni linakimbia na kuacha shimo la duara kama jicho la samaki. Futa mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya.

Ile miwili yenye kutu: kifaa kizuri ni shazia, ile ya kushonea magunia ya korosho. Kwa ncha yake kwangua kutu yote, na ondoa pia kingo za rangi zilizolegea, hata kama mchubuko utapanuka kidogo. Rangi iliyoachia haishiki tena. Kisha kata kipande cha msasa namba 400 cha duara, upana wa milimita 4 hivi, kibandike kwa gundi kwenye raba ya nyuma ya penseli, weka penseli wima juu ya mchubuko na uizungushe kati ya viganja. Inasugua chuma tu bila kugusa rangi ya pembeni. Endelea mpaka chuma king'ae. Kikibaki na vitone vyeusi ndani ya vishimo, weka tone moja la dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, futa, suuza kwa maji safi, kausha. Limao na siki zinakula kutu kweli, ila zikibaki kwenye kishimo asidi inaendelea kula chuma chini ya rangi, kwa hiyo mimi sizipendekezi.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa, kikilala usiku mmoja kwenye hewa yetu, asubuhi kina ukungu wa kahawia. Praima iingie siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa moja.

Praima iwe epoksi ya vitu viwili, yenye hadina yake, ile dawa ya kuigandisha unayochanganya nayo. Zile za kijivu za kawaida zina vinyweleo, zinakunywa maji, zinafaa tu kama rangi inafuata mara moja. Uwiano ni ule ulioandikwa kwenye kopo, upime kwa bomba la sindano la mililita 1, usikadirie kwa macho. Mililita moja ya mchanganyiko inatosha michubuko yote kumi na kitu na itabaki. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa katikati ya chuma, iache isambae yenyewe. Ifunike chuma chote pamoja na kona ya chini pale chuma kinapokutana na rangi, ila isipande juu ya klia. Ikipanda, ifute hapo hapo. Iache mpaka kesho yake.

Rangi: usinunue kwa kuangalia, nunua kwa namba. Kwenye Toyota tafuta kibati kwenye nguzo ya mlango wa mbele au kwenye ukuta wa nyuma ya injini ukifungua boneti. Palipoandikwa C/TR, alama tatu za kabla ya mkwaju (/) ni rangi ya nje, zinazofuata ni za ndani ya gari. 1F7, kwa mfano, ni fedha, 202 ni nyeusi, 040 ni nyeupe. Duka linalochanganya kwa mizani likuchanganyie kwa namba hiyo, mililita 30 tu. Ukikosa huku ukaagiza Dar, ipakiwe kwenye gari la mizigo, si kwenye buti la basi la abiria. Rangi na thina zinawaka kama petroli.

Kabla ya kugusa gari, paka tone kwenye kadi nyeupe, likauke, weka klia juu, ndipo ulinganishe. Rangi ya chini bila klia huwa imefifia kama chaki, na wengi hurudisha rangi iliyokuwa sahihi kwa sababu waliihukumu mapema.

Brashi iliyo ndani ya kifuniko cha chupa iache, ni nene mno. Tikisa chupa dakika mbili au tatu, chembe za alumini huwa zimetuama chini. Mimina kidogo kwenye kifuniko cha soda, ongeza thina yake sehemu moja kwa rangi sehemu mbili, mpaka itiririke kama maziwa. Kwa kijiti cha meno dondosha katikati ya mchubuko na usiisugue. Subiri dakika 30. Utaona imezama, kwa sababu thina imeondoka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Rudia mara tatu au nne. Ukitaka kujaza shimo kwa tone moja nene, juu itashika ngozi huku ndani bado mbichi, na wiki mbili baadaye litabonyea au kupasuka. Mwisho rangi ibaki chini kidogo ya uso wa boneti, nafasi hiyo ni ya klia.

Kwa rangi ya fedha lazima niwe mkweli: haitapotea kabisa. Kiwandani rangi inanyunyiziwa na chembe za alumini zinalala tambarare, wakati tone la kijiti linaziacha zimesimama ovyo, kwa hiyo ukisimama upande mmoja doa litaonekana jeusi zaidi. Lihukumu kutoka hatua mbili. Nyeupe ya 040 ndiyo rahisi kuliko zote, na mara nyingi kiwandani haikuwekewa klia. Jaribu kwa kusugua polishi kidogo kwa kitambaa: kitambaa kikitoka na weupe, hakuna klia, ishie kwenye rangi. Nyeupe ya lulu, 070, ina rangi mbili moja juu ya nyingine kabla ya klia. Ukiuziwa chupa moja tu, rudi dukani.

Klia yenye hadina ndiyo inayokauka ikawa ngumu, nyingi ni sehemu mbili kwa moja, yaani mililita 1 ya klia na nusu ya hadina. Hadina hiyo ina isosayanati, ambayo ni hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haisaidii. Kwa matone ya kijiti, glavu na sehemu ya wazi vinatosha. Usiipulize nyumbani. Dondosha mara mbili, mpaka iinuke kidogo juu ya uso.

Muda wa kufanya haya kwetu si wowote. Boneti ikiwa na joto, thina inatoka kwa pupa na kuacha vitundu. Weka mgongo wa mkono juu yake, kama huwezi kuuacha hapo, subiri. Msimu wa mvua asubuhi na mapema, thina ikikauka inapoza uso, umande unatua juu ya rangi mbichi na inageuka ya maziwa. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kivulini, ndiyo saa nzuri. Miezi ya kusi hewa ni kavu kidogo, lakini upepo unabeba mchanga, na ndiyo wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Ule unga wa njano ukitua kwenye klia mbichi unabaki humo. Kwa hiyo egesha nyuma ya ukuta, mbali na shamba, na si chini ya mti.

Kusawazisha: klia yenye hadina ipe siku mbili, ya kopo moja isiyo na hadina ipe wiki. Funga msasa wa maji namba 2000 kwenye kipande cha raba ngumu cha ukubwa wa kidole gumba, maji yenye tone la sabuni, sugua upande mmoja tu, kila misuguo kumi kausha na uangalie. Kilele kitakuwa cheupe kisichong'aa, pembeni bado panang'aa. Kinapolingana na uso, acha. Maji ya msasa yakiwa meupe ni klia, yakiwa na rangi ya gari umepita klia, simama papo hapo. Usisugue kabisa kwenye mikunjo ya bodi, hapo klia huwa nyembamba zaidi. Malizia na namba 3000, kisha kompaundi, ile dawa ya kusugulia ing'ae, kwa mkono. Nta subiri siku 30, thina iliyobaki ipate kutoka.

Bampa ni plastiki, haina kutu, ruka habari ya epoksi, ila inataka praima ya plastiki, la sivyo rangi itatoka kama gamba.

Ukiwa safarini kokoto la lori la makaa ya mawe likafika chuma, futa kwa maji ya kunywa, kausha, ziba kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Inakununulia siku kadhaa, halafu lazima uikwangue yote. Na ile miwili yako, ukishaikwangua na kabla ya praima, piga picha kwa karibu uiweke hapa, nione kama kutu imeingia chini ya kingo.