Usiku nakabwa, na uso ninaouona ni wa mama mkwe

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Busia upande wa Uganda, nina mtoto wa miezi minne. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Juba na anaweza kumaliza wiki tatu hajarudi. Tangu nijifungue kuna kitu kinanijia usiku. Naamka, macho yako wazi, naiona neti, nauona mlango, lakini hata kidole siwezi kukisogeza. Kisha mtu anaingia, anakuja polepole, ananikalia kifuani. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Mara mbili nimeuona uso wake: ni mama mkwe. Juzi imenitokea mchana, nimejilaza baada ya kuuza chapati tangu alfajiri. Mganga amesema ni mtu wa ukoo wa mume wangu, anaitaka roho ya mtoto. Nimeshampa laki mbili, sasa anataka laki nne na nusu na mbuzi mweusi. Mama mkwe nimemkataza kumshika mtoto. Mume wangu ananisihi nisimfanyie mama yake hivyo. Niondoke nirudi kwetu? — Asiyelala, Busia*

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ambalo huenda hakuna aliyekuambia: nakuamini. Hujatunga, wala hujaanza kuwa kichaa. Kilichokupata kina jina la zamani katika lugha yetu, jinamizi, na waliokabwa nalo ni wengi kuliko wanaothubutu kusema. Mimi mwenyewe nimo.

Nilikuwa na miaka 15, nasoma shule ya bweni. Ilikuwa majira ya mitihani, tunasoma kwa tochi chini ya blanketi hadi saa nane za usiku, na saa kumi na moja kengele inalia. Usiku mmoja nilizinduka nikiwa nimekauka kama gogo. Nikamwona msichana aliyelala kitanda cha juu yangu anashuka, anainama, ananiwekea mikono kooni. Asubuhi nikasema nilichokiona. Nilisema tu, sikumshtaki. Kufikia jioni bweni zima lilikuwa limeshaamua kwamba kwao ni basezi, wale wachawi wa usiku, na hakuna aliyetaka kula naye meza moja. Alipofunga shule hakurudi tena. Miaka mingi baadaye nilimtafuta nimwombe radhi, sikumpata. Kwa hiyo nikikuomba uchunge ulimi wako kuhusu mama mkwe, ujue ninaongea kutoka wapi.

Sasa sikiliza mwili unavyofanya kazi. Usingizi wa usiku hupita kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na katika mizunguko hiyo kuna kipindi cha ndoto ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza kipindi hicho mwaka 1953. Wakati huo ubongo hulegeza misuli makusudi, mikono, miguu na shingo, ili usiinuke ukapigana na unachokiota. Macho huachwa yatembee, na msuli mpana ulio chini ya mapafu huendelea kuvuta pumzi. Basi kuna siku akili huzinduka kabla misuli haijafunguliwa. Chumba unakiona kweli, neti ni neti na mlango ni mlango, lakini ndoto nayo haijakatika. Inaendelea kuchezwa humohumo chumbani.

Na ule uzito kifuani? Misuli ya mbavu bado imelegea, pumzi inakuja fupifupi, na ukijaribu kuvuta ndefu kwa nguvu haikubali. Ubongo ulioshikwa na hofu unalieleza jambo hilo kwa njia unayoielewa: mtu amenikalia. Unakuwa kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa gizani, lazima aamue ni nani. Anachagua uso ambao mchana wake ulimsumbua. Wewe na mama mkwe hampatani, uso wake uko karibu, basi ndio uliochukuliwa. Mimi nilichukua wa msichana wa kitanda cha juu kwa sababu tulikuwa tumegombania ndoo siku ile. Wajapani wana jina lao la kitu hiki, kanashibari, yaani kufungwa kwa minyororo, na mama zako wakwe wote wa Busia hawajawahi kufika kwao.

Nisome tena barua yako. Una mtoto wa miezi minne, maana yake kila usiku unakatizwa usingizi. Alfajiri, saa ambazo ndoto huwa ndefu kuliko zote, wewe umeshasimama unakanda unga. Ubongo ulionyimwa ndoto zake hudai deni. Ukijilaza mchana, unaweza kukuingiza moja kwa moja kwenye ndoto, na ndiyo sababu juzi ulikabwa jua likiwa utosini. Mganga hakukuuliza unalala saa ngapi. Mimi ningeanzia hapo.

Kwa hiyo usitoe shilingi nyingine. Laki nne na nusu ni unga wa chapati wa siku nyingi, mwanangu, na mbuzi huyo hatakupa hata saa moja ya usingizi. Tena mganga huyo amefanya baya kuliko kuchukua hela: amekupa mshtakiwa. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilishikwa na hofu ya jini aitwaye Popobawa, watu wakisimulia kukandamizwa vitandani usiku, familia nzima zikitoka kulala nje kwa makundi. Wapo watafiti walioona humo alama zilezile za jinamizi. Katika hofu hiyo mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili aliuawa na umati, akidhaniwa ndiye. Mtu wa watu. Hofu ya usiku ikishapewa jina la jirani au la mkwe, mchana hairudi nyuma kirahisi.

Linapokujia tena, usipambane. Najua ni neno gumu kwa mtu anayehisi anakufa, lakini ukipambana kifua kinazidi kubana. Acha pumzi iende fupi ilivyo. Weka nia yako yote kwenye kidole kimoja cha mguu, au zungusha macho. Mara nyingi kidole kikicheza mwili wote unafunguka. Huisha kwa sekunde, au dakika chache. Kama wewe ni mtu wa dua, isome moyoni, itakutuliza. Likishapita, keti, kunywa maji, washa taa kidogo, usirudi kulala papo hapo maana hupenda kurudi.

Lala kwa ubavu. Jinamizi humpata zaidi anayelala chali, na walioshika sunna ya kulala ubavu wa kulia hapa wana faida yao. Mtoto, yeye, mlaze chali, tena kwenye nafasi yake mwenyewe. Chai kali ya jioni iache.

Hata hivyo nataka uende kituo cha afya wiki hii, kwa sababu umejifungua juzijuzi. Mweleze mhudumu kila kitu, akupime damu na malaria, umtajie na dawa zozote unazomeza. Zipo dawa, meflokwini ya malaria mojawapo, zinazojulikana kuleta ndoto za kutisha. Mwambie pia kama mchana usingizi unakuangusha hata ukiwa umesimama, au kama ukicheka sana magoti yanalegea, au kama umewahi kuamka umeuma ulimi au umelowesha kitanda. Hayo ni mambo mengine yenye tiba zake.

Na hili nalisema taratibu, usiogope. Ukianza kuona watu au kusikia sauti ukiwa macho kabisa, unatembea, unaongea, au wazo la kumdhuru mtoto au kujidhuru likikujia, usingoje asubuhi. Mpe mtu mtoto amshike, ukimbizwe hospitali siku hiyohiyo. Ni ugonjwa unaoweza kumpata mzazi baada ya kujifungua, unatibika, na hauna aibu. Hospitali za rufaa za mikoa kama ya Mbale zina kitengo cha afya ya akili, na Kampala ipo Butabika. Uliyoniandikia hayasemi uko huko. Nakuambia ili ujue mpaka uko wapi.

Unauliza kama uondoke. Kwenu utaondoka na mtoto yuleyule anayeamka usiku, na uchovu uleule, na jinamizi litapanda taksi pamoja nawe. Ugomvi wako na mama mkwe ni wa kweli, siufuti. Kama alikusema vibaya ulipojifungua, au anakudharau kwa kuuza chapati, mwambie mchana, uso kwa uso, mumeo akiwepo. Huo una maneno yake. Usiuchanganye na wa usiku.

Mpigie mumeo kabla hajafika, umsomee barua hii. Mwambie umekubali kwamba mama yake hakuingia chumbani kwako. Halafu Ijumaa, ukishauza za asubuhi, usijilaze peke yako kama ulivyofanya juzi. Nenda kwa mama mkwe na mtoto mgongoni. Huna haja ya kumweleza jinamizi siku hiyo, wala mganga. Mwambie tu, "Mama, nimechoka, sijalala." Alizaa, alinyonyesha, analijua neno hilo. Mpe mjukuu wake amshike, ambebe nje kivulini. Wewe ingia ndani, geukia ubavu, ulale kwa muda wa saa mbili.