Wafuasi wa kununuliwa hutoka wapi

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje ukurasa wa muuza nguo wa hapa Dodoma uwe na wafuasi 40,000 ilhali chini ya picha zake hakuna hata mmoja anayeuliza bei. Wengi wa wafuasi wa namna hiyo si watu. Ni akaunti zilizofunguliwa na programu, nyingine zikiwa na picha na majina yaliyochukuliwa kwa watu halisi bila ridhaa yao, jambo ambalo kwangu ndilo baya kuliko yote. Nyingine huendeshwa kwa simu nyingi zilizopangwa kwenye rafu: mwaka 2017 polisi wa Thailand waliwakamata Wachina watatu, karibu na mpaka wa Kambodia, wakiwa na mamia ya simu na laini zaidi ya 300,000.

Wanaonunua wana sababu zao. Mteja akiona duka lina watu huamini kuna kitu kizuri, na mitandao nayo husukuma mbele kile kinachoonekana kupendwa, hivyo kijana anayeanza biashara pale Majengo huhofu kwamba asiponunua atafunikwa na jirani aliyenunua. Wapo pia wanaoitumia idadi hiyo kudai malipo makubwa ya matangazo, na hapo ni udanganyifu kamili. Marekani iliichukulia hatua kampuni ya Devumi mwaka 2019 kwa kuuza wafuasi bandia.

Kabla hujamlipa mwenye ukurasa akutangazie, soma maoni ya watu chini ya picha zake za miezi kadhaa, uone kama kuna anayeuliza saizi, rangi au duka lilipo.