Je, overmorrow ni Kiingereza halali?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi. Katika orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyosahaulika nimekuta overmorrow, lenye maana ya keshokutwa, nikalipenda mno. Nitajuaje kama ni neno la kweli, na je, naweza kulitumia katika barua ya mteja?

Jibu: Marahaba. Neno hilo ni la kweli, lakini usilitie katika barua ya mteja.

Naelewa lilivyokuvutia. Sisi tuna keshokutwa, na baada yake mtondo na mtondogoo, ilhali Kiingereza cha leo kikishapita kesho hulazimika kutumia maneno manne: the day after tomorrow. Nadhani utamu wa maneno ya aina hii uko hapo hasa, kwamba maana tulikwisha kuwa nayo, na sasa tunaona kumbe Mwingereza naye aliwahi kuwa na neno lake.

Kuhusu uhakiki, ushahidi wa neno ni sentensi ya mtu aliyekuwa na jambo lake la kusema, wala si orodha inayolifafanua. Katika Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka 1535, Tobia anamwambia Sara wamwombe Mungu leo, kesho na overmorrow. Coverdale alitegemea sana tafsiri za Kijerumani na Kilatini, na Wajerumani hadi leo husema übermorgen, kwa hiyo nashawishika kuamini kwamba neno hilo lilimjia akiwa katika kazi hii hii yetu, akitafuta namna ya kusema keshokutwa.

Neno jingine la orodha kama hiyo, apricity, lina hali tofauti. Ni joto la jua la wakati wa baridi, lile ambalo mtu wa Njombe hulifuata nje asubuhi ya Julai ili aote jua. Henry Cockeram aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1623, lakini kamusi hiyo ilikusanya maneno magumu, mengi yenye asili ya Kilatini, na kuorodheshwa humo hakuthibitishi kwamba watu walilitumia.

Hata kamusi kubwa inaweza kukosea. Toleo la Webster la mwaka 1934 lilikuwa na neno dord, likielezwa kuwa ni densiti katika fizikia na kemia. Chanzo chake kilikuwa kikaratasi kilichoandikwa “D or d”, yaani kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha neno density; herufi zikasomwa zimeungana, na kifupisho kikageuka neno. Kosa liligunduliwa mwaka 1939, mhariri alipoona kwamba neno hilo halikuonyeshwa asili yake.

Kwa hiyo fungua Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ambayo haifuti neno lililokwisha kuingia. Alama inayofanana na kisu kidogo kilichosimama mbele ya neno huonyesha kwamba halitumiki tena. Kisha angalia miaka ya nukuu zake, hasa ile ya mwisho.

Overmorrow litunze kwa tafsiri ya hadithi ya kale. Katika barua ya mteja andika the day after tomorrow na uongeze tarehe yenyewe, kwa kuwa barua ya kazi mara nyingi husomwa siku tofauti na ile iliyoandikwa.