Nyumba Ikiuzwa, Kobe Anaenda Wapi?

Simu nyingi zinazoingia kwa kikundi chetu cha kusaidia kobe hapa Nairobi hazihusu kobe mgonjwa. Zinahusu nyumba. Mzee amefariki, watoto wako ng'ambo, ile nyumba ya zamani ya Kileleshwa au Lavington imepata mnunuzi anayetaka kupandisha ghorofa. Tingatinga likikaribia kuingia, ndipo mtu anakumbuka kwamba kule nyuma, kwenye ua wa kayaba, kuna kobe.

Sisi ni watu wa kujitolea tu. Kuna mwalimu, kuna dereva wa teksi, kuna wanafunzi wa udaktari wa mifugo kutoka Kabete, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuna mama mmoja mstaafu anayetushinda sote kwa bidii. Wasomaji kadhaa wameniuliza jinsi ya kuanzisha kikundi kama hiki mtaani kwao, kwa hivyo leo naandika niliyoyaona. Kama kuna jambo moja la kushika ni hili: kobe hudumu kuliko mipango ya mwenye nyumba. Yule wetu wa kawaida, mwenye madoa ya chui, anaweza kufikisha miaka 50 na akapita. Kwa hivyo swali la chakula linakuja baadaye. Swali la kwanza ni atakuwa kwa nani baada yako.

Kikundi chenyewe kisifuge kobe hata mmoja. Najua hili huwavunja moyo wanaojiunga, maana kila mtu anakuja akitarajia kumbeba. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayekaa na mnyamapori, na kobe wetu ni mnyamapori hata kama amezaliwa nyuma ya jiko lako. Anayedhani kobe ni mdogo mno kushughulikiwa na mahakama akumbuke kesi ya Mei 2025 hapa Nairobi, ambapo watu wanne walitozwa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kupatikana na sisimizi hai bila kibali. Ndiyo, sisimizi.

Sababu ya pili ni ya kiafya. Ukiwakusanya kobe wa nyumba tofauti kwenye ua mmoja, wanaambukizana mafua, na madume hugongana hadi mmoja anapinduliwa chali. Kobe aliyelala chali juani kwa muda mrefu hufa. Kwa hivyo kazi yetu ni kumfuata kobe alipo, kumsaidia anayemtunza, na kuwaita KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, panapostahili.

Shida ni kwamba watu wenye kobe wamejificha. Ukifika getini na fulana yenye nembo na kamera mkononi, utaambiwa hapa hapana kobe, na mlinzi atakuangalia mpaka upotee kwenye kona. Tumejifunza kwenda wawili tu, bila fulana, na kuanza na chai kama imetolewa.

Kuna shosho mmoja upande wa Loresho aliyetukaribisha hivyo. Yule kijana wetu wa Kabete alipomsalimia tu, "Habari ya asubuhi, shosho," akajibiwa, "Nzuri, mjukuu wangu. Mmekuja kunishika?" Tukacheka wote, lakini yeye hakuwa anatania sana. Kobe akaletwa kivulini. Anaitwa Karani, kwa sababu kila asubuhi huzunguka bustani ya mboga kama mtu aliyetumwa kukagua. Pembeni mwa gamba, nyuma, palikuwa na tundu lililotobolewa na keekee miaka mingi iliyopita ili afungwe waya, na kingo zake zilikuwa zimelainika. Juu ya mgongo kulikuwa na mabaki ya rangi nyekundu ya mafuta, namba ya nyumba iliyokuwa imeandikwa zamani. Kijana alipiga magoti, akaweka sikio karibu na pua ya Karani, akanyamaza. Kobe mwenye mafua hutoa mlio mwembamba wa filimbi anapopumua, na wakati mwingine povu dogo puani. Karani alikuwa msafi.

"Huyu," shosho akasema, "nilimkuta hapa nilipoolewa. Mama mkwe ndiye aliyenionyesha." Kisha akauliza lile swali ambalo wenye kobe wote hufika kuliuliza: akienda yeye, nani atamchukua?

Hatukumtisha kwa sheria, wala hatukumficha. Tulimwambia wazi kwamba anahitaji kuandikia KWS, tukamsaidia kuandika barua na kupiga picha, na hatukumpa ahadi yoyote kuhusu jibu, kwa sababu wenye neno la mwisho si sisi. Wakitoa kibali, vyema. Wakisema kobe ahamishwe, ahamishwe kwa utaratibu. Kikundi kinachowaahidi watu mambo ya ofisi ya wengine hakimalizi mwaka kikiaminika.

Sasa kuhusu matunzo, maana huwezi kumshauri mtu juu ya kesho wakati kobe anaugua leo.

Adui mkubwa wa kobe wa Nairobi ni Julai. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti unaweza kukaa siku kadhaa bila kuliona jua. Kobe hana joto lake mwenyewe. Akipoa huacha kula, na asipokula hadhoofiki haraka machoni pako, na unapogundua tayari kifua kimejaa. Wengine wamesoma mtandaoni kwamba kobe hulazwa usingizi wa majira ya baridi, hata ndani ya friji. Hao ni kobe wa Ulaya. Huyu wetu mwenye madoa halali usingizi huo, na ukimweka kwenye friji utamuua.

Anachohitaji ni kibanda kikavu cha mbao kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini, chenye nyasi kavu nyingi na mlango unaofungwa usiku. Upepo usipite chini. Ukiweka balbu ya joto, ining'inize kwa mnyororo, isikaribie nyasi, na uwe na mpango wa usiku ambao stima imepotea. Sisi hutumia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo. Mchana jua likichomoza hata kwa saa moja, mtoe. Na ninaposema jua namaanisha jua lenyewe. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haishiki na gamba linakuwa laini. Ndiyo maana nawaambia vijana wa ghorofani, bila kuzunguka, kwamba kobe si mnyama wa sebuleni.

Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nyasi. Nyasi nyingi, mbichi na kavu, pamoja na magugu ya bustani, vipande vya dungusi vilivyoondolewa miiba, maua ya hibiskasi. Sukuma wiki na kabeji kidogo kidogo tu, spinachi pia, maana hiyo huzuia kalsiamu isifyonzwe. Mkate, ugali, maziwa na chakula cha mbwa, hapana kabisa, hata kama anakimbilia. (Anakimbilia kweli. Usimwamini.) Maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kusagwa, mnyunyizie juu ya majani. Maji yawe kwenye chombo kifupi anachoweza kuingia, na wakati wa kiangazi au akiwa mgonjwa mweke kwenye karai lenye maji vuguvugu yasiyopita kidevu, kwa robo saa hivi.

Kuna dawa moja ninayotaka kila mtu aijue kwa jina: ivamektini. Iko kila agroveti, inatumiwa kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa, na muuzaji mwenye nia njema atakupa ukimwambia kobe ana minyoo. Kobe hupooza kwayo na kufa. Usimpe, usimchome sindano, usimpake. Tafuta daktari wa mifugo anayewajua reptilia, na ukikosa, ulizia Kabete. Sumu ya konokono na dawa ya magugu kwenye bustani ni hatari vilevile, na mtunza bustani huwa hajaambiwa.

Mbwa ndio wanaotupa majeraha mengi. Gamba si kofia, lina mishipa ya fahamu na damu, kwa hivyo likipasuka kobe anasikia uchungu. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, funika kwa kitambaa safi ili nzi wasitage, mweke mahali pakavu penye joto, kisha daktari. Usibandike gundi, kwa sababu unafungia uchafu ndani. Mbwa uliyemlea na kobe kwa miaka bado ni mbwa, hasa akibaki naye peke yake mchana kutwa. Na msimu wa mvua siafu wakipita uwanjani, kobe mdogo alale ndani ya nyumba usiku huo.

Upande wa Kitengela na tambarare za Kajiado kazi ni nyingine, kwa sababu kule kobe bado yuko porini na mashamba yanakatwakatwa kuwa ploti. Mtu anayejenga akimkuta kobe anadhani amepotea, anamweka kwenye buti na kumleta mjini. Hajapotea. Yuko kwao, na anazijua njia zake. Ukimkuta barabarani na ni salama kusimama, mshike pande zote mbili, mwinue kidogo tu bila kumpindua, mvushe kuelekea alikokuwa anaenda, umwache. Ukimrudisha alikotoka atavuka tena. Usimbebe juu kwa ajili ya picha: akishtuka anakojoa, na yale ndiyo maji aliyoyaweka akiba ya kiangazi. Wenye ua wa stima waangalie waya wa chini kabisa. Kobe akipigwa na shoti harudi nyuma, anajificha ndani ya gamba palepale huku shoti zikiendelea.

Shuleni huwa tunaulizwa kuhusu Mzee, kobe mkubwa wa Haller Park kule Mombasa, yule aliyefanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004. Watoto wanadhani kila kobe atakuwa mkubwa kama yeye. Lakini Mzee si wa aina ya huku kwetu; asili yake ni visiwa vya Aldabra, huko Ushelisheli. Kobe ambaye mimi napenda watoto wamjue ni yule bapa anayeishi kwenye nyufa za miamba ya Kitui na Tharaka, mwepesi, anayekimbia badala ya kujificha ndani ya gamba. Kwa kawaida hutaga yai moja kwa mara. Wanaowawinda kwa biashara huvunja ile miamba kwa mitaimbo, na ufa uliovunjwa haurudi. Mwaka 2019 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka huohuo biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwanakikundi akienda huko na kupiga picha, asitaje mwamba wala kijiji. Picha moja yenye mahali inatosha kumwelekeza mnunuzi.

Mambo ya ndani ya kikundi sitayarefusha. Jisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, fedha ziingie akaunti ya kikundi na si simu ya mwenyekiti, na kundi la WhatsApp liwe na sheria moja: hakuna kuuliza bei ya kobe humo. Atakayeuliza aondolewe, hata kama ni binamu ya mweka hazina. Na watu wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika kobe, watoto hasa, kwa sababu ya salmonela.

Narudi kwenye nyumba zinazouzwa. Kwa kila mwenye kobe aliye na kibali tunaandaa karatasi moja. Ina picha ya gamba la juu na la chini (madoa ya kila mmoja ni yake), uzito, anachokula, daktari wake, nakala ya kibali, na jina la mtu atakayemchukua kobe, mwenye kobe akishindwa au akifariki. Mtu huyo atie sahihi mwenyewe; kutajwa tu hakutoshi. Karatasi ikae pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu hiyo ndiyo faili ambayo warithi hufungua kwanza, na KWS wajulishwe kabla kobe hajasogezwa hata mita moja. Kisha kila mwaka, kabla ya baridi, tunampigia yule mrithi wa kobe kumuuliza kama bado yuko tayari. Watu huhama, huoa, hununua mbwa. Mmoja alituambia hivi karibuni kwamba sasa anaishi Ruaka, ghorofa ya 9, hana hata balkoni. Alikuwa ameona aibu kutupigia. Tukamshukuru kwa kusema ukweli, tukafuta jina lake, tukaanza kuwauliza majirani wa mwenye kobe.